Alfajiri ya India, usingizi wa Malindi

"Namaste Mwalimu. Nina miaka 38, naishi Malindi na mke wangu, watoto wawili na mama yangu. Ni mhasibu katika hoteli. Baba alifariki miaka miwili iliyopita na tangu hapo nimerudi kwa Mungu kwa nguvu. Naamka saa tisa usiku kufuata arti (ibada ya taa) ya alfajiri inayorushwa moja kwa moja kutoka India, kisha navuta tasbihi, mala 16 (kila mala shanga 108), kisha puja mbele ya miungu. Ekadashi zote (siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi) nafunga bila hata maji. Niliweka nadhiri mbele ya picha ya baba kwamba sitapunguza hata kimoja. Sasa kazini nimepewa barua ya onyo kwa kuchelewa na kwa makosa ya hesabu. Mwezi uliopita nilianguka ofisini kwa kizunguzungu, siku ya Ekadashi. Mke wangu anasema nimemletea mke mwenza, naye ni kabati la miungu. Nafikiria kuacha kazi niende Vrindavan, mji mtakatifu wa Krishna kule India, miezi sita. Wazee walisema mshika mawili moja humponyoka. Nikipunguza ibada ili nishike kazi na nyumba, si nitakuwa nimemwacha Mungu? Na nadhiri je?"

Namaste mwanangu. Kwanza pole kwa baba. Miaka miwili si mingi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na uniwie radhi, nilicheka pale mkeo alipolitaja kabati la miungu kuwa mke mwenza. Mwanamke anayekutania hivyo bado hajakukatia tamaa. Akinyamaza ndipo uogope.

Mimi si pujari, kuhani wa hekalu. Nilikuwa mwalimu wa shule, na jioni nikifundisha Gita, kitabu chetu kitakatifu, kwa watoto na wazazi wao hapa pwani kwa miaka mingi. Nikikusoma vizuri, huulizi namna ya kupanga saa zako. Unauliza kama mtu mwenye mke, watoto na mwajiri anaweza kuwa mja kamili, au yeye ni mja wa daraja la pili anayeiba dakika za Mungu kumpa bosi. Hilo ndilo swali. Lakini niache nianze na saa, maana hapo umekosea kwa jambo dogo linalorekebishika usiku wa leo.

Nani alikwambia saa tisa usiku? Najua nani: simu. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Arti inayoanza huko saa kumi na moja na nusu alfajiri, hapa Malindi inakufikia saa tisa kamili, wakati hata jogoo wa Shela wamelala. Watu wa kule wanaamka kwa alfajiri yao. Wewe unaamka kwa alfajiri yao pia, halafu unakwenda kazini kwa asubuhi yako. Ile saa ya alfajiri inayosifiwa, brahma muhurta, haikutajwa kwa saa ya ukutani. Muhurta moja ni dakika 48, na brahma muhurta huanza muhurta mbili kabla ya jua kuchomoza na kuisha muhurta moja kabla. Jua lipi? Lile linalochomoza mahali ulipo. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua la Malindi halina vituko: mwaka mzima huchomoza baina ya saa kumi na mbili kasoro dakika chache na saa kumi na mbili na nusu. Toa dakika 96. Ukiamka saa kumi na nusu alfajiri uko ndani ya wakati wenyewe au mlangoni pake, na umejirudishia saa nzima na nusu ya usingizi bila kupunguza chochote.

Hata sankalpa, tamko la nia kabla ya ibada, inakwambia hivyo. Umemwona pujari kabla ya puja kubwa: anatia maji kwenye kiganja cha kulia, anataja mwaka, mwezi, nusu ya mwezi, tithi (siku kwa hesabu ya mwezi wa angani), siku ya wiki, na mahali anapoabudia. Mahali. Asiyetaja alipo hajaanza. Sisi wa pwani tunapaswa kulielewa hili kuliko wengi. Wareno walipotia nanga Malindi mwaka 1498 walikuta vyombo vinne vya Wahindi bandarini. Wakawadhania Wakristo, kwa kuwa waliwasikia wakipaza sauti jina walilolisikia kuwa ni la Kristo. Wanahistoria wengi wanaona huenda lilikuwa Krishna. Waliandika pia kwamba watu hao walisema hawali nyama ya ng'ombe. Watazame watu hao: wako mbali na kwao, wamepakia bidhaa, na jina la Mungu liko mdomoni hapohapo kazini.

Ekadashi nayo ina hesabu yake ya mahali. Tithi ya kumi na moja huanza kwa wakati mmoja dunia nzima, lakini siku ya kufunga huamuliwa kwa tithi iliyopo jua linapochomoza kwako, na saa ya kufungua hufuata vivyo hivyo. Kama kalenda ya simu yako imewekwa mji wa India, kuna miezi utafunga siku ambayo si yako. Ibadilishe iseme Malindi.

Kuhusu kufunga bila maji, hapa nitakuwa mkali kidogo. Ekadashi ni kama 24 kwa mwaka. Mfungo wake wa kawaida ni kuacha nafaka na kunde, si kuacha maji. Ile ya bila maji, Nirjala, ni moja tu, mwezi wa Jyeshtha, kama Mei au Juni. Na unajua asili yake? Ni Bhima, yule ndugu mwenye tumbo la moto katika utenzi wetu wa Mahabharata, aliyelalamika kwamba hawezi kufunga zote. Akapewa moja kali badala ya zote. Yaani nirjala ilikuja kama nafuu kwa asiyeweza mingi, nawe umeichukua ukaizidisha mara 24, katika joto la Malindi, ukiwa umelala kwa muda wa saa nne tu. Kisha ukaanguka. Mwanangu, hilo si jaribu la imani, ni mwili uliokosa maji, usingizi na sukari kwa siku moja.

Na usichukulie kwamba ndiyo sababu kwa hakika. Mtu wa miaka 38 akianguka ofisini huenda hospitali akapimwa sukari, shinikizo la damu na damu yenyewe. Nenda wiki hii. Ukikutwa na kisukari au ukaandikiwa dawa za presha, usifunge tena hata nusu siku bila kuzungumza na daktari, kwa sababu dawa inayoteremsha sukari ikikuta tumbo tupu inaweza kukuangusha vibaya zaidi. Dini yetu inawasamehe wagonjwa, wajawazito, wazee na watoto. Ukiwa mzima, funga kama mama zetu walivyofunga: maziwa, ndizi, viazi vitamu, karanga, madafu. Sabudana tunayoinunua kwa bei katika pakiti ni muhogo tu, na muhogo Malindi haujaadimika.

Usiniambie kwamba huku ni kulegeza dini. Fungua Gita, sura ya 6, shairi la 16: yoga si ya anayekula kupita kiasi wala asiyekula kabisa, si ya anayelala mno wala anayekesha mno. Maneno hayo aliambiwa Arjuna, askari aliyekuwa na kazi ya kufanya asubuhi ile ile.

Sasa tuje kwenye kiini. Umeleta methali ya mshika mawili. Ni methali ya kweli, lakini muulize nahodha yeyote wa jahazi: mkono mmoja uko kwenye usukani, wa pili umeshika demani, na akiachia kimoja ndipo chombo kinapoyumba. Kosa lako si kushika mawili. Umechukua ratiba ya sadhu, mtawa aliyeiacha dunia, ukaibandika juu ya maisha ya mwenye nyumba, na sasa unashangaa inachanika.

Maisha katika mafundisho yetu yamegawanywa hatua nne: mwanafunzi, mwenye nyumba, anayejitenga pole pole, na aliyeacha yote. Manu, mtunga sheria wetu wa kale, anasema kama viumbe vyote wanavyoishi kwa hewa, ndivyo hatua nyingine zote zinavyoishi kwa mwenye nyumba. Ni yeye anayemlisha mwanafunzi, mzee na sadhu. Na ibada yake imetajwa waziwazi, zile yajna (sadaka) kuu tano za kila siku: kusoma na kufundisha maandiko, kuabudu miungu, kuwakumbuka waliotangulia, kulisha viumbe, na kukirimu watu. Hebu zihesabu. Ya pili tu ndiyo iliyo ndani ya lile kabati. Ya kwanza inafanyika ukikaa na mwanao na hadithi ya Prahlad, yule mtoto mcha Mungu, kabla ya kulala. Ya kukirimu iko barazani. Ya viumbe ni chapati moja uani, na kunguru wa Malindi hawangoji kualikwa. Kwa hiyo unaposema unatimiza ibada yako yote, mimi naona unatimiza sehemu moja kwa wingi na nyingine umeziacha.

Kuna kisa ndani ya Mahabharata ambacho ningependa ukisome na mkeo. Brahmini mmoja (mtu wa tabaka la makuhani), Kaushika, alikuwa akisoma Veda, maandiko yetu ya kale, chini ya mti. Ndege, tuseme yangeyange, akamchafua kutoka juu. Kaushika akamtazama kwa hasira, na ndege akaanguka amekufa. Akajiona ana nguvu. Akaenda kuomba chakula nyumba moja. Mama wa nyumba akamwambia angoje kidogo, mara mumewe akaingia na njaa, naye akamhudumia kwanza. Kaushika akapandwa na hasira. Yule mama akamwambia kwa upole: mimi si yangeyange, mheshimiwa. Akashangaa kajuaje. Mama akamwelekeza kwa mwalimu, mtu wa Mithila. Kaushika akafika, akamkuta mwalimu mwenyewe yuko buchani anauza nyama. Muuza nyama huyo alimfundisha dharma kwa urefu, kisha akampeleka ndani akamwonyesha wazazi wake wazee, akasema hawa ndio miungu ninayoihudumia. Na mwisho akamwambia: wewe uliwaacha baba na mama yako bila ruhusa yao, nao wamepofuka kwa kukulilia, rudi nyumbani. Waliokitunga kisa hiki walikuwa watu wa dini sana. Walijua wanachokifanya walipomweka mwalimu kwenye bucha na mwanafunzi kwenye Veda.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na duka dogo Lamu. Alfajiri akiwasha taa ya samli, na mara nyingi mteja alibisha katikati ya arti akitaka nusu kilo ya sukari. Aliweka sahani chini, akapima sukari, akarudi akaendelea alipoachia. Nikiwa kijana mwenye kujua mengi nilimwambia anavunja puja. Akanijibu: "Aliyebisha naye amekuja na Mungu wake." Nilichukizwa. Ilinichukua miaka ishirini kumwelewa.

Kuhusu mkeo. Katika ndoa yetu mlitembea hatua saba, na tangu hapo jina lake ni sahadharmini, mwenza katika dharma. Yajna za kale hazikukamilika bila mke kuketi kando ya mume. Rama alipofanya yajna yake kuu bila mkewe Sita, iliwekwa sanamu yake ya dhahabu mahali pake. Wewe unaye hai, yuko chumba cha pili, anaamshwa na simu yako saa tisa usiku. Sikushauri umwombe "akuvumilie". Muulize anataka ibada ya nyumba hii iwe vipi, kisha usikilize jibu hata likikuuma. Mama naye aulizwe. Naona nyumba nyingi ambamo arti ya jioni ya dakika kumi, watoto wakigombania kengele, imeshika familia kuliko saa tatu za mtu mmoja peke yake. Kama mkeo atasema dakika kumi za jioni na Jumapili moja hekaluni, anza na hizo.

Nawe ni mhasibu! Siku ya Diwali sisi Wagujarati tunafanya chopda pujan: tunaweka madaftari ya hesabu mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, tunayapaka kunkumu (unga mwekundu), tunayaandika Shubh na Labh (heri na faida), siku hizi wengine huweka kompyuta. Hakuna jamii iliyoabudu daftari la hesabu kama sisi. (Ndiyo maana jirani zetu wakatutungia ya Baniani mbaya kiatu chake dawa, na mimi huichukua kama sifa.) Gita sura ya 18, shairi la 46, inasema mtu humwabudu Mola kwa kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo makosa yale ya hesabu yaliyotajwa kwenye barua ya onyo ni puja iliyofanywa ovyo, tena ile iliyo yako hasa.

Kwa mwajiri nenda mwenyewe kabla hajakuita. Kubali kuchelewa, usiisingizie dini. Haki zako zipo: Katiba, kifungu cha 32, inalinda imani yako na hairuhusu unyimwe ajira kwa sababu yake, Diwali ni sikukuu kisheria kwa Wahindu, na sheria ya ajira inakupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Lakini hakuna kifungu kinachokuruhusu kusinzia juu ya hesabu za watu. Fanyeni wanavyofanya wafanyakazi wengi hapa mjini: wewe simama zamu ya wenzako Waislamu siku ya Idd na ya Wakristo siku ya Krismasi, hoteli ikiwa imejaa, nao wakusimamie Janmashtami, siku ya kuzaliwa Krishna, na usiku wa garba, ngoma zetu za sikukuu ya Navratri. Hilo meneja hulipokea vizuri kuliko barua yenye vifungu.

Vrindavan sasa. Sitakudanganya kwamba maandiko yote yanasema baki. Ipo Upanishadi, moja ya maandiko yetu ya kale, isemayo siku ile ile mtu anapochoka na dunia, siku hiyo hiyo aondoke. Lakini kuchoka na dunia si kuchoka na bosi. Atakaye kuondoka huulizwa madeni matatu: kwa miungu, kwa marishi (wenye hekima wa kale), kwa wahenga. Manu anamweka mwenye nyumba anayeelekea msituni kuwa ni yule aliyeona mvi zake na mtoto wa mtoto wake. Wewe una karo ya shule. Ukienda miezi sita bila mshahara, anayefunga mfungo huo ni mkeo na mama, nao hawakuweka nadhiri. Njia ya kati ipo: kusanya likizo yako, weka akiba mwaka mmoja au miwili, nendeni wote majuma mawili, mama akiwa bado ana miguu. Ukirudi na bado moyo unavutwa huko, basi ni mvuto wa kweli na utangoja.

Nikuambie pia utakachopoteza, kwa sababu kipo. Ule ukimya wa saa tisa usiku, nyumba imelala, ni mtamu, nami naujua. Ukiamka saa kumi na nusu utapata nusu yake tu. Mala 16 ni kiasi cha mara 1,728 za mantra, kama saa mbili kwa aliyezoea. Ni kiwango wanachopewa waliopokea diksha, yaani kuingizwa rasmi na guru, katika njia fulani ya Krishna, na kwa barua yako sioni guru aliyekupa. Asubuhi utavuta nne au tano. Nyingine ukitembea kwenda kazini, au uache. Kuna siku utajiona umepungua. Hisia hiyo itakaa nawe miezi kadhaa, na hakuna shairi litakaloiondoa upesi.

Nimebakiza nadhiri, na hapa nakuomba ukae. Uliiweka mbele ya picha ya baba. Baba mwenyewe alikuwa akiamka saa ngapi? Alivuta mala ngapi? Nina shaka alivuta 16. Mara nyingi mtoto wa kiume hujitwika mzigo mkubwa baada ya kifo kwa sababu kuna jambo halikukamilika: hakuwahi kufika hospitali, walikuwa hawazungumzi, aliahidi kitu. Sikujui, sitasema ndivyo ilivyo kwako. Lakini ukihisi moyo unadunda kwa kusoma mstari huu, ujue ibada yako imebeba majonzi juu yake, na majonzi yanataka mtu wa kuyasikiliza. Deni kwa baba lina njia yake: shraddha, ibada ya kumkumbuka marehemu, kila mwaka kwa tithi yake, na siku za Pitru Paksha, nusu ya mwezi ya wahenga, kabla ya Navratri. Halihitaji uanguke ofisini.

Nadhiri yenyewe inarekebishika. Iliyo sahihi ina kusudi na ina mwisho. Yako haina mwisho. Nenda kwa pujari, kama huna wa karibu panda matatu hadi Mombasa, mweleze yote pamoja na kizunguzungu, muombe akufanyie ibada ya kuomba msamaha na akusimamie sankalpa mpya. Mchukue mkeo. Asikutoze pesa za ajabu. Anayekutisha kwa laana ili utume pesa kwa simu, hata awe na ndevu hadi kitovuni, mfungie namba.

Kuna dalili ambazo zikiwapo usiishie kwa pujari wala kwangu: ukikosa usingizi hata ukipewa nafasi ya kulala, ukisikia sauti zinazokuamrisha, ukianza kugawa pesa za nyumba, ukirudia mantra kwa woga kwamba ukikosea mmoja mtu atakufa, au ukiwaza kumfuata baba. Hizo zina daktari wake hospitalini, na kwenda kwake si kukosa imani. Mwambie mkeo leo azijue, kwa sababu mwenye nazo mara nyingi ndiye wa mwisho kuziona.

Sankalpa mpya iwe ya siku 40 kwanza, halafu mkae watatu, wewe, mkeo na mama, mwitazame. Mahali pa kutaja mji, taja Malindi.